Wagombea wa vijijini Iowa watueleze na habari ya shule

Mhariri,

Naandika kuhusu taarifa yenu juu ya wagombea wa vijijini wanaowania Bunge la jimbo la Iowa, Marekani. Wengi wanatetea haki ya mkulima kukataa bomba la hewa ya kaboni lisipite shambani mwake. Hapo nawaunga mkono, hasa baada ya Gavana Kim Reynolds kuukataa kwa kura ya turufu, Juni 2025, muswada uliobana kutwaa ardhi ya mkulima kwa lazima ili bomba lipite.

Kwenye shule, lakini, wanapata kigugumizi. Sheria ya 2023 inampa mzazi fedha za umma kila mwaka alipie shule binafsi; mwaka wa kwanza zilikuwa takriban dola 7,600. Sasa, kaunti nyingi za vijijini hazina shule binafsi hata moja! Watoto wa huko, wakiwemo wa Wakongo wenzetu waliofuata kazi za viwanda vya nyama, watanufaikaje? Fedha zinaelekea mjini, na shule ya umma hupata mgao kwa idadi ya wanafunzi, hivyo mwanafunzi akihamia shule binafsi, ya umma hupungukiwa.

Nashauri waandishi wenu wamuulize kila mgombea kabla ya siku ya kura: je, utaunga mkono kuwekewa ukomo fedha hizo? Jibu lichapishwe pamoja na jina lake.

Msomaji wenu,
Iowa