Barua kwa mwanangu mwalimu: hao watoto wafundishe kusuka

Mwanangu mpendwa, salaam nyingi. Huku Mtwara hatujambo, baba yako mzima, wadogo zako wazima. Voisi zako zote nimesikiliza na ile ya usiku nimeirudia, nikaona hili la simu halitoshi, bora nikae nikuandikie. Unasema mkuu wa shule kakupa klabu ya utamaduni, wewe ukataja ususi, wenzio wakasema hiyo kazi ya saluni, mtoto wa shule asome. Na naona umeanza kusitasita. Usisitesite mama.

Sisi hatukufundishwa kusuka, tulikaa tu chini ya dada zetu. Unasukwa, ukimaliza unageuka unamshika mdogo wako, ukipindisha njia inafumuliwa unaanza upya, hakuna aliyesema leo somo. Saivi mtoto wa kike anaingia darasa la kwanza ananyolewa, ananyolewa hivyo hivyo mpaka anamaliza form foo, shule nyingi za serikali ndo zilivyo, ukitoa zile zinazoruhusu msuko wa twende kilioni. Yaani miaka yote ambayo vidole vyake vingeshika kazi yeye hana nywele na anayekaa naye dawati moja hana. Nawapokea hapa barazani kila baada ya mitihani ya form foo, wasichana wakubwa kabisa, nywele ndo zinaanza kurefuka, ukimpa chanuo agawe njia mkono unatetemeka. Inaniuma kweli. Sikwambii mkapigane na sheria ya kunyoa, ile ina wenyewe na sababu zingine nazielewa, maji ya shida, muda, na mtoto wa maskini asijione mnyonge mbele ya mwenye rasta za hela nyingi. Ila kama ujuzi unakatikia shuleni basi shuleni ndo mahali pa kuurudisha, wapi tena?

Na hao wanaosema saluni wakumbushe mtaala mpya ulioanza 2024 wenyewe umeleta mkondo wa amali sekondari, kazi za mikono zimerudi darasani kwa heshima zake. Lakini wewe usiitetee kwa hela peke yake. Hela ipo, nyie mmekula na kusoma kwa hii mikono yangu pamoja na korosho za baba yenu, ila mtoto akiambiwa ni hela tu atakimbilia rasta za dukani na hatotaka kujua nywele yake mwenyewe inakaaje.

Sasa umeniuliza watasukaje na vichwa vimenyolewa. Anza na ukili, ule utepe wa kushonea mkeka. Huko Newala hawakosekani mabibi wanaosuka mikeka, omba miyaa iliyochanwa, watoto wasuke ukili mpaka vidole vizoee kwenda bila kuangalia. Alafu nunua kamba ya katani dukani, ifumue, fungia kwenye msumari ubavuni mwa dawati, hapo ndo wajifunze mguu tatu, ule msuko wa mafungu matatu. Wavulana waache waingie na wao, kwenye ukili na kamba hakuna mzazi atakayeng'aka, mbona wanaume wa pwani wanasuka nyavu na madema tangu enzi.

Wakishaweza hapo waite mabibi waje wawe vichwa. Nimelifikiria hili sana. Bibi wa kijijini ana nywele, ana muda, na akishakaa chini akashikwa kichwa anaongea mwenyewe bila kuulizwa, atakwambia mabutu walisuka lini, uzi walikuwa wanatoa wapi, harusi ilikuwa inasukwa nini na msiba unafumua nini. Mwanafunzi mmoja asuke, mwingine aandike. Na nywele ya mzee ni nyembamba inakatika haraka, kwa hiyo itamlazimisha mtoto kuwa na mkono mwepesi tangu siku ya kwanza, asizoee kuvuta kama hawa wasusi wa siku hizi.

Kwenye kusuka kwenyewe usiwapeleke mbio. Njia kwanza, wiki nzima njia tu, chanuo la mkia linatoka kwenye paji la uso linakwenda kisogoni bila kuyumba, mafuta ya nazi kidogo kwenye mstari ili nywele za huku zisirukie kule. Alafu anachukua nywele kidogo pale mbele, za kushika kwa ncha za vidole, anagawa tatu. Twende kilioni mguu wa pembeni unapita CHINI ya ule wa katikati, ukipitisha juu msuko unalala unazama ndani, ukipitisha chini unasimama. Kila akipitisha anaokota nywele kidogo za chini yake anaongeza, mara kulia mara kushoto, na vidole visiinuke kabisa, viwe vinagusa ngozi ya kichwa muda wote. Shida yao kubwa itakuwa kwenye kuokota, mara anaokota nyingi, mara anaokota kidogo, ndo unaona msuko una tumbo katikati. Fumua, arudie. Usimwonee huruma hapo.

Ila kwenye kuvuta mwonee huruma anayesukwa. Mtu akishindwa kukunja uso, au ukaona vipele vidogo vyeupe kwenye mizizi ya nywele za mbele, mshaumiza, legeza au fumua kabisa. Nywele za mbele na za juu ya masikio ndo zinaanza kuondoka, mwanzoni ukizipumzisha zinaota tena, ukiendelea kuvuta miaka na miaka hazirudi. Na machanuo msichangie hovyo, kila mtu na lake, linaoshwa kwa sabuni. Mapunye yanapita hapo hapo. Ukikuta mtoto anayo usimtaje mbele za watu, mwite pembeni, mwambie na mzazi ampeleke zahanati maana mapunye ya kichwani mara nyingi yanataka vidonge, kupaka tu hayaishi.

Kuhusu ule utamaduni wenyewe mko pazuri, mko juu ya uwanda wa Makonde. Wale wachongaji wa zamani wa vinyago vya mapiko, vile vya kuvaa ngomani, walikuwa wanabandika nywele za watu kabisa kwenye kinyago, kwa nta ya nyuki, na usoni wanaweka nembo, zile chale za Kimakonde, cha kike unakuta kina ndonya, lile pambo la kutogea mdomo wa juu. Mtu anachonga mti lakini nywele hataki za kubuni. Waonyeshe hata picha. Mambo ya ndani ya jando na unyago usiyavute darasani lakini, yana mahali pake na wenyewe wapo.

Na ile ya yule profesa wa Marekani uliyonisimulia, Ron Eglash, aliyetengeneza programu ya kompyuta ya kufundishia hesabu kwa misuko, nimeipenda mno. Nimeelewa ulivyosema kwamba kila pindi linafuata lenzake likiwa limepungua kidogo, limegeuka kidogo na limesogea kidogo, mimi nafanya hivyo nikizungusha msuko sikioni na sikujua kuna watu wanaandika hesabu yake. Wewe mwalimu wa hesabu, itumie. Ila wasuke kwanza ndo uwaambie hesabu.

Mambo mawili nakuomba kama mama yako. La kwanza hao watoto wasigeuzwe wasusi wa bure wa walimu. Nakujua wewe huwezi, lakini wenzio hao hao wanaokubeza leo ndo watakuja Ijumaa mchana na nywele zimefumuliwa, kataa tangu mwanzo na mkuu wa shule akusaidie kukataa. La pili wazazi. Wengi wetu huku Waislamu, mtoto akivua ushungi avulie kwenye chumba cha wanawake watupu, na picha zisipigwe, usije ukakuta kichwa cha mtoto wa mtu kinazunguka kwenye magrupu. Nenda kaongee na wazazi mapema, sasa hivi minada ya korosho ikiendelea wanaonekana, na tangulia na mama zao.

Machanuo ya mkia nimeshanunua sokoni, ya mbao na ya plastiki, nayapakia kwenye basi la Newala Jumatatu asubuhi pamoja na samaki wakavu na chupa ya mafuta ya nazi niliyokamua mwenyewe. Ukipokea nipigie unitajie na tarehe ya mabibi, nitapanda gari nije nikae nao.

Mama yako