Kuhusu ule mguu wa MerCruiser

Michigan

Ndugu yangu Athumani,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako kuhusu mguu wa MerCruiser, ule unaokaa nyuma ya boti na kupeleka nguvu ya injini ya ndani kwenye propela, nimeupata, na picha zako zote nimezitazama. Huo mwamba wa Mtwapa haukumwonea huruma mteja wako: pezi la chini limekwenda lote, na ufa umepanda mpaka kwenye nyumba ya gia. Hapo usijisumbue na kuchomelea. Tafuta nusu ya chini nyingine iliyo nzima, ile ya juu ibaki kama ilivyo.

Umeniuliza kama nusu ya chini iliyotoka kwenye boti ya silinda nne, ile injini ya lita 3.0, itakubali kukaa chini ya V6 yake (silinda sita) ya lita 4.3. Itakubali, bora zote mbili ziwe Alpha One, aina ya mguu wa MerCruiser, za kizazi kimoja. Wasiwasi wako naujua umetoka wapi. Umezoea Yamaha za kuning'iniza nyuma ya boti, na kule mzunguko hupunguzwa mahali pamoja tu, chini kwenye propela. Ukibadilisha chini, umebadilisha uwiano wote, yaani injini izunguke mara ngapi ili propela izunguke mara moja. Huu mguu ni habari nyingine. Nguvu inatoka kwenye injini imelala, inapinda juu ili ishuke na shafti iliyosimama, halafu inapinda tena chini kwenda kwenye propela. Gia ziko sehemu mbili, na Mercury, watengenezaji wake, walipotaka kuulinganisha mguu na injini, walibadilisha meno ya juu peke yake.

Chukua kalamu. Boti ya mteja wako ni ya mwaka 1996, kwa hiyo ni kizazi cha pili, kilichoanza 1991. Chini kuna meno 13 yanayoendesha 21. Juu, kwa V6, meno 17 yanaendesha 19. Gawanya 19 kwa 17, zidisha kwa 21, gawa kwa 13: unapata 1.81, ule uwiano wa mguu wako. Mguu wa lita 3.0 una 20 kwa 24 juu, ndiyo maana unatoka 1.94. Lakini chini ni 13 kwa 21 vilevile. Huyo muuzaji akikwambia "hii ni ya 1.94", anasema kweli kuhusu mguu mzima ulivyokuwa, na wewe hilo halikuhusu maadamu hununui cha juu. Ungenunua mguu mzima, hapo ndipo V6 ingepanda mizunguko kupita kiasi na ungelazimika kutafuta propela yenye pichi (mwinamo wa mabapa) kubwa zaidi.

Sasa ile nusu ya chini nyingine uliyoitaja, ya bei rahisi, ya boti ya mwaka 1988, iache hapo ilipo. Ni kizazi cha kwanza. Chini yake ina meno 17 kwa 28, pampu ya maji ni ya muundo mwingine, na haikai kwenye nusu yako ya juu hata ubembeleze vipi. Wala muuzaji asikutajie Bravo, aina nyingine ya mguu wa MerCruiser. Bravo gia zake zinaingilia juu, si chini kama Alpha, na pampu yake ya maji iko kwenye injini.

Kama muuzaji hana karatasi yoyote, ipime mwenyewe. Ingiza gia ya mbele kwa kile kifimbo cha gia huku unaizungusha propela kwa mkono mpaka ishike. Piga alama ya chaki kwenye shafti iliyosimama na nyingine kwenye shafti ya propela. Zungusha ya juu mara 21 kamili. Ikiwa ni kizazi cha pili, propela itakuwa imezunguka mara 13 na chaki imerudi palepale. Ikiwa ni cha kwanza, itapungukiwa na robo mzunguko. Mtu anaweza kupaka rangi na kubandika stika mpya, ila meno hayawezi kusema uongo.

Ukiwa hapo, ikague. Ikiwa imetumika baharini, angalia nyuma ya propela, pale inapokaa nyumba ya beringi: alumini ikiliwa na chumvi hutoka unga mweupe na nyumba hiyo haitoki tena bila vita. Tazama pia kama kuna mshipi wa kuvulia uliojisokota kwenye shafti, kwa sababu huo ndio unaokata sili zinazozuia maji. Ukiletewa ya maji matamu kutoka huku kwetu, usishangilie mapema. Huku baridi inagandisha kila kitu, na mguu uliobaki na maji ndani hupasuka. Nyufa zake ni nyembamba kama unywele na rangi huzificha. Jaza hewa kidogo kwa pampu ya mkono, izamishe kwenye pipa, tazama mapovu.

Kazi ya kufungua utaiweza macho yamefumbwa. Kitu kimoja tu huwakamata mafundi wa Yamaha: ondoa kile kipande cha zinki chenye umbo la pezi juu ya propela. Bolti yake inafikiwa kutoka juu, nyuma, chini ya kizibo cha plastiki. Kikitoka, ndani ya shimo lake kuna bolti nyingine. Nimeona nusu za chini zilizotobolewa kwa bisibisi na watu waliodhani zimeganda, kumbe bolti hiyo bado inashika. Weka gia ya mbele juu na chini kabla hujaziunganisha, tia impela mpya (gurudumu la pampu ya maji) na oringi mpya, na oili ijaze kutoka chini mpaka itoke tundu la juu. Baada ya safari ya kwanza ifungue kidogo uione: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia.

Nitumie picha ya pampu ya hiyo unayotaka kuinunua kabla hujatoa shilingi. Mama Zuhura na watoto wasalimie sana, na umwambie mteja wako afuate maji yakijaa.

Wako,
Salim