Kabla ya kulipa arubuni, nendeni na bamvua

Ndugu Mhariri,

Mume wangu keshakata shauri: kiinua mgongo chetu kinunue fleti ya vyumba viwili ukingoni mwa maji, hapa mjini Unguja, kwenye mtaa unaojengwa upya. Dalali alitupeleka asubuhi, maji yamekupwa, upepo mwanana, mashua zimelala mchangani. Mimi nikangoja bamvua, siku za maji makuu ya bahari, nikarudi peke yangu saa kumi na moja jioni. Maji yamefika barazani, na mtaro unarudisha kile ulichojengwa kukitoa. (Dalali hakupokea simu.)

Tunasahau upesi. Mtaa wa Darajani palikuwa na daraja kweli, na mtaa wa Ng'ambo ulikuwa ng'ambo ya hori, mkono wa bahari ulioingia mjini. Hori limefukiwa, lakini mvua za masika njia yake zinaijua.

Nimekulia Michenzani, kwenye majumba yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Kupanda ngazi na ndoo kichwani pampu ikifa, hilo silisimuliwi. Basi nikauliza: pampu, lifti na rangi vitalipiwa na nani? Sheria ya kondominio, yaani ya majengo ya fleti zenye wenyewe mbalimbali, tunayo tangu 2010, lakini nilipotaja chama cha wenye fleti muuzaji akanijibu, "Tutaona, mama." Nikaomba kuiona hati. Nikapewa karatasi yenye picha ya minazi.

Waliokwisha kununua fleti za namna hii watuandikie: kila mwezi mnalipa nini, na kwa nani? Mume wangu anataka kupeleka arubuni Jumatatu.

Mwalimu mstaafu,
Kikwajuni, Unguja