Kwa Vijana wa Kamati: Mmeanza na Bango, Mkairuka Sebule

Wanangu,

Jumapili iliyopita nilikaa kwenye kikao chenu cha kuwatetea wasafishaji wa ofisi hapa Marekani, nikarudi nyumbani na uchungu ambao mpaka leo haujanishuka. Saa nzima na nusu mlibishana nani awe mwenyekiti na nani awe msemaji. Diwani alipoingia kupiga picha, nyote mlisimama. Na kule nyuma, karibu na mlango, walikaa akina mama watatu wa Kikongo na dada mmoja wa Honduras, ambao tajiri wao hajawalipa mshahara wa wiki mbili, na hakuna hata mmoja wenu aliyewauliza majina. Kikao kilikwenda kwa Kiingereza kitupu. Waliondoka kabla chai haijamiminwa.

Mmeniambia mara nyingi kwamba mnatamani kuwa kama Walatino, wahamiaji wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na mfano wenu ni Mei Mosi 2006, walipofurika barabara za Los Angeles na Chicago kuupinga mswada uliopitishwa na Baraza la Wawakilishi Desemba 2005, uliotaka kumfanya mhalifu kila anayeishi Marekani bila karatasi za uhamiaji. Mliyoyaona siku ile yalikuwa mavuno. Redio za Kihispania ziliwaita watu, ni kweli, lakini wengi wa walioitwa walikwisha kujuana kupitia parokia, vyama vya wafanyakazi na vyama vya watu waliotoka mji mmoja kule Mexico.

Kujuana huko kuna historia, na hapa naomba mnivumilie. Mwaka 1952, mjini San Jose, California, Fred Ross, mwandaaji wa Community Service Organization, chama cha kuwatetea Walatino, alikuwa akimtafuta kijana mmoja wa mtaa wa Sal Si Puedes, jina ambalo maana yake ni “toka ukiweza”. Kijana huyo, Cesar Chavez, alikwisha kuchoshwa na wazungu waliokuja mtaani kuwahoji maskini kisha wakapotea, hivyo aliwaalika nyumbani rafiki zake wakorofi na kuwapa ishara: atakapohamisha sigara kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, waanze kumzomea mgeni. Sigara haikuhama, kwa sababu Ross alizungumza mambo ya mtaa ule ule, na akaeleza jinsi chama chake kilivyofuatilia kesi ya vijana waliopigwa na polisi wa Los Angeles siku ya Krismasi 1951. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi kuueleza na mgumu kuutenda: mwenye nyumba huwaita jirani na ndugu sebuleni kwake, mwandaaji huuliza zaidi ya anavyohutubu, na kabla ya kuagana mgeni mmoja hukubali kufungua mlango wake wiki inayofuata.

Chavez na mwandaaji mwenzake Dolores Huerta walipoanzisha chama cha vibarua wa mashamba mwaka 1962, walizunguka hivyo hivyo nyumba kwa nyumba, wakatoza ada ya dola 3.50 kwa mwezi, ambayo kwa familia ya wachuma zabibu haikuwa fedha ndogo, na wanachama wakapata bima ya mazishi. Mnaona? Msiba! Sisi tunaochangiana kusafirisha maiti hadi Bukavu au Mombasa tunayo madaftari ya majina, waweka hazina wanaoaminika na watu wasiokosa kuchanga, na bado ninyi mnaona hiyo ni kazi ya wazee na kwenda kutafuta mfadhili.

Mimi nimesafisha ofisi usiku mjini Los Angeles miaka kumi na mmoja. Mama mmoja kutoka El Salvador alinialika kwake kula pupusa, mikate ya mahindi ya kwao. Miezi miwili alikuwa akiniuliza hali ya mwanangu kabla hajataja mkataba wa chama cha wafanyakazi, na alipoutaja sikuweza kumkatalia. Juni 15, 1990, wasafishaji wenzake walipigwa virungu na polisi pale Century City, mtaa wa maofisi mjini Los Angeles, wakiwa kwenye mgomo, na bado walirudi barabarani mpaka wakapata mkataba. Nchi hii inaupenda mnara uliong'aa na haitaki kumjua aliyeung'arisha. Nasi tumejifunza dharau hiyo upesi mno: nawasikia mkisema “wale Wameksiko” kwa midomo iliyopinda, ilhali mnafanya kazi na tajiri mmoja.

Mengine nayataja tu. Tafuteni wakalimani. Akina mama washike fedha. Msiwatenge wasio na karatasi: chama cha Chavez kiliwashtaki kwa idara ya uhamiaji mwaka 1974, na doa hilo halijafutika. Msimwabudu mwanzilishi, kwani Chavez huyo huyo, mwishoni mwa miaka ya 1970, aliwafukuza wengi waliokijenga chama pamoja naye. Na msisahau kwamba mgomo wa wachuma zabibu wa California wa 1965 ulianzishwa na Wafilipino wakiongozwa na Larry Itliong. Wameksiko walijiunga siku chache baadaye.

Namba za wale akina mama watatu nimezipata kwa jirani yao, na dada wa Honduras anafanya kazi nao zamu moja. Jumamosi saa kumi jioni watakuwa kwangu, nami nitapika pilau. Nawahitaji wawili tu kati yenu, mmoja awe anajua Kihispania, mje na daftari, na bango mliache ukumbini.

Mzee wenu