Barua ya wazi kwa mdogo wangu mpiga ganuni: kabla hujaukata wimbo, sikiliza Ys

Mdogo wangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Natumai hujambo na nyumbani wote wazima. Ujumbe wako nimeupata, kwamba wimbo wako umepita dakika kumi na pale studio wamekwambia uukate ubaki dakika tatu, la sivyo redio hawataupiga. Nakujibu hadharani badala ya kukupigia simu, kwa sababu najua wenzako wengi wanaambiwa hivyohivyo, na kwa sababu nilichonacho ni kirefu. Kuna albamu moja nataka uisikilize kabla hujagusa hata ubeti mmoja.

Inaitwa Ys. Tamka "Iis". Ilitoka Novemba 2006 kupitia Drag City, kampuni ndogo ya kutoa muziki iliyoko Chicago. Mwenye albamu ni Joanna Newsom, binti wa California, mwimbaji na mpiga kinubi, na wakati huo alikuwa na umri wa miaka 24. Ni albamu yake ya pili. Ina nyimbo tano tu, na zote pamoja zinachukua dakika 55 na ushei. Ulio mfupi kuliko wote una dakika 7 na robo. Ulio mrefu unakaribia dakika 17.

Ujue alikotoka ndipo utaona ukubwa wa alichokifanya. Albamu yake ya kwanza, ya mwaka 2004, ilikuwa ya nyimbo fupi fupi, yeye na kinubi chake na vikorombwezo vichache. Watu waliipenda. Alishapata wasikilizaji, na kila mtu mwenye busara za soko angemshauri atoe nyingine kama ile, yenye usafi zaidi kidogo. Yeye akaenda kuandika hadithi ndefu zenye maneno mengi kuliko ambayo mtu anaweza kuyashika kwa mara moja, akaleta okestra nzima, halafu akazipanga nyimbo tano hizo bila kutafuta hata mmoja wa kupigwa redioni. Nakupa mfano huu kwa makusudi. Hakuwa mtu mashuhuri mwenye fedha za kuchezea. Alikuwa msichana mwenye albamu moja mkononi.

Nianze na mikono yake, maana najua wewe utaanza hapo. Kinubi anachopiga ni kile kikubwa cha okestra, chenye nyuzi 47 na pedali saba chini. Wewe ukitaka kubadili sauti ya uzi unainua vile vibati vidogo vya upande wa kushoto wa ganuni. Yeye anafanya kazi hiyohiyo kwa miguu, na pedali moja inageuza nyuzi zote za noti ile kwa mpigo mmoja. Vidole vidogo vya mwisho havitumiki kabisa, hivyo ana vidole vinane vya kupigia. Sasa sikiliza mkono wa kushoto na wa kulia kila mmoja peke yake. Mara nyingi mmoja unahesabu tatu na mwenzake unahesabu nne, na juu ya vyote viwili sauti inakwenda njia yake ya tatu. Hilo hakulipata kwa wapiga kinubi wa Ulaya. Tangu utotoni alifundishwa mitindo inayotokana na kora, ule ala wa Wamandinka wa Afrika Magharibi wenye nyuzi 21 na kibuyu kikubwa, unaopigwa kwa vidole gumba na vya shahada tu. Ndiyo maana ukimsikia unahisi kuna kitu unakifahamu, ingawa hujui umekifahamia wapi.

Lakini sikukuandikia kwa ajili ya vidole. Nimekuandikia kwa ajili ya urefu.

Chukua wimbo wa kwanza, "Emily", wa dakika 12. Emily ni mdogo wake wa kike, mtaalamu wa fizikia ya nyota, na utamsikia mwenyewe akimwitikia humo ndani. Wimbo ni kumbukumbu za nyumbani, mashambani, mto, ndege, na usiku ambao baba yao anawaonyesha kwa mara ya mia jinsi upawa wa nyota unavyoelekeza jicho kwenye nukta moja nyekundu. Kisha panakuja mistari ambayo mtu angeiita kiitikio: dada mkubwa anakumbuka alivyofundishwa na mdogo wake tofauti ya jiwe linalozunguka angani, mwanga tunaouona linapowaka, na kile kinachobaki. Anaiimba taratibu, kama mtoto anayesoma somo kwa moyo. Halafu wimbo unaondoka. Unakwenda mbali sana, unapita kwenye huzuni na majira na mambo ya familia, hata ukasahau kwamba kulikuwa na somo. Mwishoni kabisa mistari ile inarudi, na imebadilika. Jiwe sasa ni mfupa uliotupwa kutoka kwenye utupu, limelala kimya kama sadaka.

Ningekuwa nimekaa nawe ningerudisha sehemu hiyo mara tatu. Kiitikio cha kawaida kinarudi kila baada ya dakika moja ili usikisahau. Hiki kimeachwa mpaka ukisahau, ndipo kikarudishwa, na kwa kuwa maisha yamepita katikati, maneno yaleyale hayawezi tena kubeba maana ileile. Niambie, utafanyaje hivyo kwa dakika tatu? Ukiukata "Emily" ubaki na somo la nyota peke yake, utapata wimbo mzuri wa watoto. Kilichofanya mistari ile iume ni zile dakika zilizopita baina yake, na hizo ndizo mtu wa studio angezifuta kwanza.

Wimbo wako una jambo hilohilo. Ubeti wa nyumba ya bibi unatajwa mwanzo, kisha haupo, kisha unarudi nyumba ikiwa imeuzwa. Hukulisema waziwazi, umeacha msikilizaji agundue. Wanataka ukate pale katikati pasipo na nyumba. Hapo katikati ndipo ilipouzwa!

Wimbo mrefu kuliko wote, "Only Skin", ndio ninaoupenda zaidi, na sitajidai kuueleza wote. Nakuonyesha pahali pamoja tu. Mwanamke na mwanamume wako nyumbani, ndege mdogo wa rangi ya udongo anajigonga kwenye kioo cha dirisha. Wanamwangalia akitweta, kila pumzi ni kazi. Mwanamke anamwokota, anamchukua mkononi akiwa mzito kwa ugonjwa, wanapita vichakani, mbwa wanataka kumrukia na mwanamume anawashika kwenye mikanda ya shingo, naye anapanda juu ya mti hadi kwenye kibanda cha watoto. Ndege amelala kiganjani kama jiwe. Mara anaona vilele vya miti, anageuza kichwa, anaruka zake. Ndivyo. Hakuna maelezo. Lakini ukishaisikia hadithi hiyo, kila neno la mapenzi linalofuata humo, la kumuuguza mtu, la kumlisha, la kumwogopea, unalisikia ukiwa bado na ule uzito kiganjani. Na karibu na mwisho tu, baada ya robo saa ya sauti yake peke yake, inaingia sauti ya mwanamume: Bill Callahan, mwimbaji mwenye sauti nzito ya chini. Mtu aliyekuwa akizungumziwa muda wote anajibu. Nilipomsikia mara ya kwanza nilisimama.

Kuhusu okestra nitasema kwa kifupi, kwa sababu naogopa utadhani nakwambia ukatafute fidla thelathini. Aliyeandika sehemu za okestra ni Van Dyke Parks, mzee wa Los Angeles aliyefanya kazi na Brian Wilson wa bendi ya Beach Boys miaka ya 1960. Anapiga kodiani pia, kwa hiyo utakutana na sauti ya nyumbani usipoitarajia. Kinubi na sauti vilirekodiwa kwanza, na fundi wake alikuwa Steve Albini, yuleyule aliyerekodi bendi za roki za Nirvana na Pixies, mtu ambaye hakupenda kurembesha sauti ya mtu. Okestra ikaandikwa na kurekodiwa baadaye, juu ya ile kazi iliyokwisha simama. Hilo likumbuke ukienda tena studio. Yeye hakufuata mapigo ya mtu. Fidla na filimbi ndizo zilizomfuata, zikisubiri pale anapovuta pumzi na kukimbia pale anapokimbia. Si pote panapofaulu. Katika "Monkey & Bear", hadithi ya nyani anayemshawishi dubu watoroke zizini kisha akamchezesha barabarani apate fedha, kuna mahali ala zimejaa mno na maneno yanazama. Hata hivyo mwisho wake, dubu anapoingia baharini peke yake na mwili kumvuka kipande kwa kipande, unastahili kusubiriwa.

Na sasa ule ambao ni wako hasa: "Sawdust & Diamonds", wa tatu, umewekwa katikati ya zile tano. Hauna okestra hata chembe. Ni kinubi na sauti kwa karibu dakika 10. Angekuwa anategemea wingi wa vyombo, hapo ndipo albamu ingeporomoka, na badala yake ndipo inapokaza zaidi. Wewe una ganuni na sauti. Hauhitaji zaidi ya hapo ili wimbo uwe mkubwa. Kinachotakiwa ni huo mpangilio wa ndani, na huo unao tayari.

Mashairi yake utayapenda kwa sababu ya vina. Waimbaji wengi wa Kiingereza huweka kina mwishoni mwa mstari basi. Huyu anaviweka na katikati, vinapishana na kuitikiana, namna ambayo mtu aliyelelewa na vina vya kati na vya mwisho ataitambua papo hapo, hata asipokamata kila neno. Pata maneno yaliyoandikwa, uyasome huku unasikiliza. Usione haya kusimamisha wimbo.

Sauti yake itakushtua. Inapasuka, inapanda ghafla, wakati mwingine inakwaruza. Waandishi wengi waliiita ya kitoto baada ya albamu ya kwanza, naye hakupenda hata kidogo. Katika Ys imekomaa, ina kifua zaidi, lakini hajaifuta ile mikwaruzo. Sisi tuliokua tukimsikiliza Bi Kidude hatuna sababu ya kukimbia sauti kwa kuwa haikupigwa pasi. Mpe nusu saa.

Jina la albamu ni la mji wa hadithi za Brittany, Ufaransa: mji uliojengwa chini ya usawa wa bahari, ukalindwa na ukuta wenye lango, hadi usiku mmoja lango likafunguliwa, na wasimulizi wanamtuhumu Dahut, binti wa mfalme Gradlon. Maji yakaumeza mji wote. Pwani yetu ina washairi waliolilia magofu ya Pate, majumba yaliyojaa taa na vyombo vya Kichina yakabaki ya popo, kwa hiyo hisia hiyo haitakuwa ngeni kwako. Newsom amesema nyimbo hizi zilitokana na mambo mazito yaliyompata ndani ya mwaka mmoja, likiwemo la kufiwa na rafiki yake mkubwa, na wimbo wa mwisho, "Cosmia", ni maombolezo yake. Ndio mfupi kuliko zote. Nadhani angeweza kufanya albamu nzima iwe kilio kama kile. Alichofanya ni kutujengea kwanza mji mzima wenye dada, baba, wanyama, ndege na wapenzi, ili tujue maji yamechukua nini.

Je, redio ziliipiga Ys? Hazikuipiga kwa wingi, na sitakudanganya kwamba urefu unalipa kodi ya nyumba. Ila albamu ilipokelewa kwa heshima kubwa na wahakiki, na Januari 2007 aliipiga jukwaani London, ukumbi wa Barbican, akiwa na London Symphony Orchestra. Alipokuja kutoa ya tatu, mwaka 2010, hakufupisha: alitoa santuri tatu kwa pamoja, zaidi ya saa mbili za muziki.

Ukitaka kuwapa redio kitu, waandikie wimbo mwingine mfupi, ulioumbwa mfupi tangu mwanzo. Hata taarabu ina nafasi ya vyote viwili, na wazee wa Ikhwani Safaa, kile kikundi cha taarabu cha Zanzibar, hawakuwa wakiangalia saa watu walipokuwa wanatunza. Huu uliopo urekodi mzima, mara moja, bila kukatiza, hata kama ni kwa simu ukiwa chumbani.

Ys usiianze na wimbo wa kwanza. Anza na "Sawdust & Diamonds" ukiwa umevaa spika za masikio, halafu "Emily", kisha pumzika hadi kesho yake. "Only Skin" uuache kwa siku ambayo hakuna atakayekuita jikoni. Ukifika pale kwa ndege kwenye dirisha, niandikie, nataka kujua umesikia nini mimi sikukisikia.

Nisalimie shangazi na watoto.

Kaka yako