Barua kwa mwanangu: Malkia Matilda alikuwa na kwao

Mwanangu mpendwa,

Huku hatujambo, bibi yako anakusalimu. Ule mchoro wako wa nasaba ya wafalme wa Uingereza nimeupata. Umeupanga vizuri, ila Matilda, mke wa Henry I, umemwandika kama mtu asiye na kwao: jina, alama ya ndoa, basi. Mama yake yuko wapi?

Anza na Edmund Ironside, mfalme aliyefariki 1016, Cnut wa Denmark akatwaa nchi nzima. Mwanawe Edward, mtoto mchanga, alipelekwa uhamishoni na hatimaye akafika Hungaria. Alirudi 1057, akafa kabla hajauonja ufalme. Bintiye Margaret akaolewa na Malcolm III wa Scotland, na hao ndio wazazi wa malkia wako, aliyezaliwa mnamo 1080 na kubatizwa Edith. Jina la Matilda, lililozoeleka kwa Wanormani, watu wa Normandy huko Ufaransa, alilitumia akiwa malkia.

Sasa mtazame Henry. Baba yake, Mnormani, aliiteka Uingereza 1066, na yeye mwenyewe alikinyakua kiti Agosti 1100, kaka yake mkubwa akiwa bado safarini kutoka vita vya msalaba. Kitukuu wa Edmund angempa kile ambacho upanga haukumpa baba yake: watoto wenye damu ya wafalme wa kale wa nchi ile.

Posa ikakwama. Edith alilelewa kwenye nyumba za watawa, na watu walimwona amevaa ushungi wa kitawa, wakadhani ameshaweka nadhiri na hawezi kuolewa. Askofu Mkuu Anselm akaitisha kikao. Binti akajieleza mwenyewe: Christina, dada ya mama yake, ndiye aliyekuwa akimfunika kitambaa cheusi ili wanaume wa Kinormani wasimguse. Akikivua, anapigwa vibao na kutukanwa. Akiachwa peke yake, anakibwaga chini na kukikanyagakanyaga. Hata baba yake alipomkuta nacho alikivuta na kukirarua. Mimi nampenda sana msichana huyu! Kikao kikaridhika, na Novemba 11, 1100 wakafungishwa ndoa Westminster.

Wakubwa wa Kinormani waliwacheka, wakawapachika wawili hao majina ya Godric na Godgifu, majina ya Waingereza wa kawaida. Walicheka mapema mno.

Mwana wao William alizama na meli mwaka 1120. Akabaki binti yao, naye pia akiitwa Matilda, ambaye wakubwa walikula kiapo cha kumtambua kuwa mrithi. Henry alipofariki 1135, kiapo kikasahauliwa na mpwa wake Stephen akawahi taji. Vita vikaja, tena virefu. Hapa mchoro wako unaficha jambo tamu kuliko yote: mke wa Stephen, Matilda wa Boulogne, alikuwa binti wa Mary, na Mary ni dada yake malkia, tumbo moja. Kwa hiyo kila upande wa vita ulikuwa na mjukuu wa Margaret, na wanawake hao wawili waliitana binamu.

Mwaka 1153 pande hizo mbili zilipatana, na 1154 Henry II, mwana wa yule binti Matilda na mjukuu wa malkia wako, akavishwa taji. Eustace, mwana wa Stephen aliyetarajiwa kurithi, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Angeishi akatawala, naye pia ni kitukuu wa Margaret.

Nitumie mchoro mpya ukiwa tayari.

Baba yako