Shanga za mti uliogeuka jiwe zinatoka wapi?

Mhariri,

Mimi hutunga na kuuza shanga hapa Nairobi. Siku hizi wateja wanaulizia sana shanga za mti uliogeuka jiwe, hasa za kahawia na nyekundu zinazoonyesha mistari ya mbao. Nyingi tunazouza huja zimeshatobolewa, kutoka Madagaska au Indonesia, na kwa hizo sina neno.

Neno langu ni kuhusu vijana wanaopita sokoni na vipande vibichi kwenye gunia. Ukiwauliza vimetoka wapi, wanakujibu, “Huko Turkana, mama, vimejaa tu chini.” Vimejaa, ndiyo! Vimejaa Sibiloi, Kaunti ya Marsabit, mashariki mwa Ziwa Turkana, na hiyo ni hifadhi ya taifa tangu 1973 na Urithi wa Dunia tangu 1997. Miti ile iliota miaka kama milioni 7 iliyopita, jangwa la leo likiwa na maji na msitu. Magogo yalifukiwa, maji yenye madini ya silika yakapenya ndani yake polepole hadi mbao ikawa jiwe, na chuma kikaipaka wekundu. Kukiokota kipande pale bila kibali ni kosa, hata kiwe kidogo kama kokwa la embe.

Marekani nako, Arizona, msitu wa namna hii unalindwa tangu 1906. Wageni huiba vipande, kisha wengine huvirudisha kwa posta pamoja na barua za kuomba radhi. Havirudishwi vilipokuwa kwa sababu hakuna ajuaye vilitolewa wapi hasa, vinarundikwa kando. Lakini maduka ya mji jirani wa Holbrook yanauza mawe yaliyochimbwa kwenye mashamba ya watu binafsi, kihalali kabisa. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba kulinda Sibiloi ni kutunyima riziki.

Tena kutoboa jiwe hili si mchezo. Linataka keekee yenye ncha ya almasi na maji yakitiririka. Ukilitoboa kavu, vumbi lake linakula mapafu. Vijana wetu wa jua kali wanalitoboa kavu, bila hata kitambaa puani.

Naomba viongozi wa soko wadai risiti inayotaja asili ya jiwe, na maofisa wa KWS (shirika la serikali la wanyamapori na hifadhi) na wa Makavazi ya Kitaifa waje watufundishe kutambua mawe ya Sibiloi. Waje asubuhi, kabla wateja hawajafika.

Mtunga shanga,
Nairobi